Mkono wa Kumfungua Soulé Kinywa

Soulé alikuwa na miezi saba na nusu na hakuna mtu katika nyumba ile aliyethubutu kumtia kitu mdomoni. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamepungua tangu ile homa ya mwezi uliopita. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Na huko jikoni kulikuwa na gunia la mchele limejaa hadi shingoni, kwa sababu baba yake alichochea moto wa boila kwenye kinu cha mpunga. Kama kulikuwa na nyumba moja katika mtaa mzima wa Mahabibo, pale Mahajanga, ambayo mtoto hakupaswa kukaa na njaa, ni hiyo.

Walikuwa wanamngoja shangazi wa baba yake.

Shangazi mwenyewe, Bibi Ansoifa, alikaa kisiwani Nosy Be, mwendo wa siku mbili au tatu kwa meli ya pwani, na zaidi ya hapo meli ikiamua kulala bandari ya Analalava. Katika ukoo wa Mikidache, baba yake Soulé, mtoto hali chakula cha kwanza ila kwa mkono wa Bibi Ansoifa. Hiyo haikuwa sheria ya dini, wala desturi ya Wangazija wote. Ilikuwa yao wao, ukoo mmoja, na ilianza kwa bahati tu: alimlisha mtoto wa kwanza wa kaka yake, mtoto akanenepa, wakamwita tena kwa wa pili. Alimfungua kinywa Mikidache mwenyewe, na ndugu zake watano, na binamu zake, hadi wakafika watoto thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeharisha. Basi mkono ukapata sifa, na sifa ikishapata miguu hairudi nyuma.

Mikidache hakuwa mtu wa kuamini amini mambo. Lakini alikuwa amekwisha kumzika mmoja.

Huyo alikuwa Fazul, kaka yake Soulé. Alipotimiza siku arobaini, bibi yake, mama wa mama, alimkorogea maji ya wali na sukari akamnywesha kwa kijiko, akisema mtoto analia kwa njaa na ziwa tupu halimtoshi. Siku ya pili akaendelea. Siku ya nne mtoto akaanza kuharisha, na siku ya tisa wakamfukia. Watu walikaa matangani wakatafuta sababu, wakaipata upesi: kinywa kimefunguliwa na mkono usio wake. Hakuna aliyesema habari ya yale maji yenyewe. Koko Halimati, bibi yake mtoto, ndiye aliyelia kuliko wote, na ndiye aliyeapa kwamba akipata mjukuu mwingine hatalishwa hata punje mpaka Bibi Ansoifa aje kwa miguu yake.

Na nyumba ilikuwa ya Koko Halimati. Kwa Wangazija mume huhamia kwa mke, akala vizuri, akaheshimiwa, lakini akitaka kupigilia msumari ukutani aombe ruhusa. Mikidache aliishi humo mwaka wa tisa. Hakuwa amepigilia msumari hata mmoja.

Soulé alipofika miezi mitano na kitu, alianza mambo. Baba yake akikaa mkekani kula, mtoto anamkazia macho. Mkono wa baba ukienda kwenye sahani, macho yanakwenda. Ukipanda mdomoni, macho yanapanda, na kinywa chake mwenyewe kinafunguka kama cha kinda la ndege. Siku moja mama yake, Chamsia, alikuwa amempakata karibu na sinia. Mtoto akajitupa mbele, akachota wali kwa kiganja chote. Koko Halimati aliruka kama aliyeona nge. Akamshika kile kiganja, akakifuta kidole kwa kidole kwa ncha ya shiromani aliyojitanda.

"Koko, ni punje tatu tu," Mikidache akasema.

"Na yule mwenzake nilimpa ngapi?"

Kila mara ilikuwa hivyo. Ukifungua mdomo, maiti inawekwa katikati ya sinia, na nani atakula tena?

Wakaandika barua. Mikidache alimwendea karani mmoja wa posta aliyeandika Kifaransa kizuri, barua ikapigwa stempu mpya ya jamhuri, ikaenda. Zikapita wiki mbili. Jibu likaja kwa mdomo wa baharia: Bibi Ansoifa anasalimu sana, lakini sasa ni mwezi wa Safar, na jambo jema halianzwi mwezi wa Safar. Haya. Safar ikaisha. Wakapeleka salamu nyingine. Jibu: kuna harusi ya jirani, hawezi kuiacha. Harusi ikaliwa ikaisha. Salamu ya tatu ikarudi na maneno makali: tangu lini shangazi akaalikwa kwa barua ya posta, kama mtu anayeitwa na serikali kulipa kodi ya kichwa?

"Hilo ni kweli," Koko Halimati akasema. "Mwaliko ni mtu. Karatasi haialiki."

"Ungesema hivyo wiki sita zilizopita!"

"Hukuniuliza, baba Soulé."

Katikati ya mambo hayo Chamsia akaugua homa, siku kumi na moja hajui jua wala kivuli, na alipoinuka maziwa yalikuwa yamekatika nusu. Mikidache akampeleka mtoto zahanati apimwe. Nesi alikuwa Mmalagasi wa bara, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Akamweka Soulé kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani, akatazama kadi tena.

"Akiwa na miezi sita alikuwa na kilo saba na gramu mia mbili. Leo ana sita na mia tano. Anakula nini?"

"Maziwa ya mama."

"Na nini?"

"Na maziwa ya mama."

"Mtoto anakaa mwenyewe, ananivuta kitambaa cha kichwa, na hamjampa chakula? Mnangoja nini?"

"Shangazi yangu."

Nesi alidhani hakusikia vizuri. Alipoelezwa, aliita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie naye. "Huyu anasema shangazi yake yuko Nosy Be ndiye mwenye kijiko!" Wakacheka wote wawili, kisha yule mfupi akaacha kucheka ghafla. "Bwana, nenda kamlete shangazi, au mwache huko huko, mimi sijali. Lakini mtoto huyu akipungua tena hivi usinirudishie hapa useme mnangoja mtu."

Mikidache alitoka amebeba mtoto na uso unamwaka. Njia nzima alibishana na watu ambao hawakuwapo. Kuna mama mkwe anayeogopa uji, kuna mke anayemwogopa mama yake, kuna shangazi anayetaka kubembelezwa kama bibi harusi, na kuna yeye, mwanamume mzima mwenye mikono miwili na mchele ndani ya nyumba, naye anaogopa pia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine. Jana yake tu, wanawake walipokuwa uani, alikuwa amechukua tonge dogo la wali, akalisogeza hadi kwenye mdomo wa mtoto. Mtoto akafungua kinywa. Naye akamwona Fazul ndani ya sanda, akala lile tonge mwenyewe.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Msimamizi akampa siku tano. Akapanda meli.

Meli ikalala Analalava siku nne ikingoja shehena ya rafia. Siku nne! Mikidache alizunguka kwenye sitaha akawatukana moyoni nahodha, rafia, na wote wanaoifuma. Alipofika Nosy Be siku zake tano zilikuwa zimekwisha na yeye ndiyo kwanza anakanyaga nchi. Akapita mji wa Hell-Ville bila kusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya shangazi yake. Mlangoni akamkuta Echata, binti wa Bibi Ansoifa, amekaa anapeta mchele.

"Karibu, kaka. Mama amelala."

"Nitangoja."

"Akiamka huumwa kichwa. Njoo kesho."

"Echata, nimekaa siku saba baharini. Mwanangu anakwisha. Nitakaa hapa kizingitini mpaka nyumba iote majani."

Akakaa. Echata akapeta mchele ule ule mara tatu. Adhana ya adhuhuri ikapita. Harufu ya samaki wa nazi ikatoka ndani. Echata akaingia na sahani, akafunga mlango nyuma yake. Mikidache akangoja kidogo, akasikia sauti ya shangazi yake ikisema kitu, yu macho kabisa, sauti ya mtu asiyelala wala kuumwa kichwa. Hapo uvumilivu ukamwisha. Akasukuma mlango.

Bibi Ansoifa alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito. Echata amepiga magoti mbele yake anamtilia tonge mdomoni. Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa mapajani umelala na kiganja juu, vidole vimejikunja, kama kitu alichokisahau mtu mwingine hapo.

Bibi alitafuna, akameza.

"Basi umeona," akasema. "Funga mlango."

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu kabla mtoto wako hajazaliwa. Niliamka alfajiri kutia udhu, wa kushoto ukainuka, wa kulia ukakataa."

"Na Safar? Na harusi? Na barua ya posta?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mkono wa Ansoifa umekufa? Watu thelathini na mmoja wamekula kwa mkono huu. Leo mimi mwenyewe nalishwa. Wa kushoto siutii kinywani mwangu, nitautia kwenye kinywa cha mtoto? Bora waseme nina kiburi. Mwenye kiburi huchukiwa, lakini haonewi huruma."

"Mtoto anakufa njaa!" Mikidache akapiga kelele. "Wewe unalinda jina, na mtoto anakufa njaa!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Nilikuosha mavi mimi." Akatazama dirishani kidogo. Alipogeuka sauti yake ilikuwa nyingine. "Hebu niambie. Kichwa chake je?"

"Kichwa kipo."

"Najua kipo, mpumbavu wewe! Kinasimama? Ukimkalisha kinasimama, au kinaanguka kama cha kuku aliyechinjwa?"

"Kinasimama."

"Anakaa?"

"Anakaa. Ukimwekea mto nyuma anakaa muda mrefu."

"Akiona mtu anakula?"

"Anafungua kinywa. Anajitupa kwenye sinia."

"Na ulimi? Ukimgusa mdomo kwa kijiko, anakisukuma nje kwa ulimi au anakipokea?"

"Hatujamgusa kwa kijiko, Shangazi. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Bibi Ansoifa akafumba macho kama mtu aliyepigwa na moshi. "Ya Rabi. Thelathini na mmoja niliwalisha, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa akitazama? Nilikuwa nakuja na kijiko kitupu kwanza. Mtoto akikisukuma, nasema siku si njema, nitarudi mwezi ujao. Mlidhani nahesabu nyota! Nilikuwa nangoja ulimi ulegee. Wengine walifika miezi mitano na nusu, wengine sita, binamu yako Msa alipita saba. Si mkono, mwanangu. Mkono ulikuwa unashika kijiko tu."

Mikidache alikaa chini sakafuni.

"Na Fazul?" akauliza.

"Fazul alikuwa na siku ngapi?"

"Arobaini."

"Mtoto wa siku arobaini tumbo lake halijajua kitu. Mnampa maji ya wali na sukari, yaliyokaa kwenye kikombe tangu asubuhi, inzi wanayanywa pamoja naye. Yule hakufa kwa sababu mimi sikuwapo. Alikufa kwa kile alichonyweshwa." Kisha akaongeza: "Kamwambie mkweo chochote utakacho. Lakini habari ya mkono huu uiache ndani ya chumba hiki. Niahidi."

Akaahidi. Wakati ule alimaanisha.

Kwenye meli ya kurudi, ambayo nayo ilichukua siku zake, Mikidache alikuwa na maneno mawili tumboni na kila moja lingeweza kumfungua mtoto kinywa. La kwanza: mkono wa shangazi umekufa, hatakuja kamwe, msimngoje. La pili: mkono haukuwa na kitu tangu mwanzo, na Fazul aliuliwa na yale maji ya wali. La kwanza lingemvua nguo shangazi yake. La pili lingemuua Koko Halimati huku akitembea, na Chamsia angeishi vipi na mama yake, ndani ya nyumba moja, baada ya kulijua? Alitumaini hatalazimika kusema lolote.

Alimkuta Soulé amelazwa kwenye mkeka, ameacha kujitupa. Ndicho kilichomtisha. Chamsia aliweka bakuli la wali karibu naye ili mumewe aone: mtoto akaligeuzia macho, akayarudisha juu kwenye dari. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeanza kupauka.

"Yuko wapi?" Koko Halimati akauliza akitazama nyuma yake, kama kwamba Bibi Ansoifa angeweza kuwa amejificha kwenye uvungu wa kikapu.

"Hakuja. Amenipa ruhusa nimlishe mimi. Chamsia, pika uji wa chenga, laini, bila sukari."

"Shahidi wako nani?"

"Shahidi wa nini?"

"Wa ruhusa. Unaondoka siku kumi na sita, unarudi mikono mitupu, unasema umepewa ruhusa. Kama ni mzima, kwa nini asije? Kama ni mgonjwa, kwa nini hatukuambiwa? Mimi nilishafanya haraka mara moja, baba Soulé. Chungu hakipandi jikoni kwangu."

"Koko, mtazame mtoto!"

"Namtazama! Nani anamtazama kuliko mimi? Na yule nilimtazama hivi hivi!"

Chamsia alisimama katikati na sufuria mkononi, hajui aende kwa nani. Mikidache alimtazama mama mkwe wake, mwanamke aliyemtilia wali sahani miaka tisa, uso umejaa machozi na ukaidi. Lile neno la pili lilikuwa limekwisha kumfika kwenye meno. Angelitema tu. Badala yake akatema la kwanza.

"Mkono wake umekufa! Umekufa, Koko, wa kulia, umepooza! Analishwa tonge kama mtoto mchanga! Utangoja mkono gani? Utangoja mpaka ufufuke?"

Hata jirani aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ukuta aliacha kutwanga.

"Masikini Ansoifa," Koko Halimati akasema polepole. Akakaa. Kisha, kama aliyepata njia ya kutoka mahali pembamba: "Basi mkono wenye udhuru umekuachia wewe. Kwa mwenye udhuru dini ina njia." Akampokonya Chamsia sufuria na kwenda kuchambua chenga mwenyewe.

Mikidache alimkalisha Soulé mapajani, mgongo kwenye tumbo lake. Akamgusa mdomo kwa kijiko kitupu cha mti. Ulimi ukatoka, ukaonja mti, ukarudi ndani. Haukusukuma. Akachota uji kidogo, kiasi cha ukucha. Mtoto alikunja uso kama aliyetukanwa, akameza, akakaa akifikiri. Kisha akakishika kijiko kwa mikono miwili na akakataa kukiachia.

"Lo, ataking'oa!" Chamsia akasema, akacheka, na alipokuwa akicheka akaanza kulia.

Siku ile vijiko vitatu. Siku ya pili vitano. Hakuharisha.

Soulé alipona. Lakini uzima huo haukupatikana bure, na Mikidache, ambaye hakupenda mafumbo, aliweza kukuhesabia gharama yake ukimuuliza. Tangu mtoto alipochota wali kwa kiganja mpaka alipopewa uji zilipita siku sabini na moja. Gramu alizopoteza, mpaka nesi alipompima mara ya mwisho kabla hajaanza kunenepa, zilikuwa mia tisa. Alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, wakati wa rika lake walikuwa wanakimbia. Kazi ya boila aliyoifanya miaka kumi na mmoja alipewa mwingine kwa siku kumi na moja alizozidisha, na yeye akawekwa kubeba magunia. Koko Halimati hakukusudia ubaya. Alimwombea Bibi Ansoifa dua mbele ya wanawake kwenye maulidi, akataja na ugonjwa, na meli iliyofuata ikaibeba habari. Nosy Be wanawake wakaenda makundi makundi kumpa pole na kuutazama mkono. Bibi Ansoifa alipokea siku mbili, ya tatu akafunga mlango. Mikidache alituma watu mara nne, watu kwa miguu yao, si karatasi. Mara tatu hawakufunguliwa. Mara ya nne Echata alitoka akasema: Mama anasema Mahajanga hana mtoto wa kaka. Bibi Ansoifa aliishi mwaka mmoja na miezi mitano baada ya hapo, na Mikidache alipopata habari ya kifo khitima ilikuwa imeshasomwa. Lile neno jingine, la Fazul, hakumwambia mtu, na Chamsia alizaa mara mbili tena ndani ya nyumba ile, na kila mara Koko Halimati alikuwa wa kwanza kumshika mtoto.